Maji ya Bahari Tuliyoyachanganya Embu

Kule Siakago nilikozaliwa maji hayamwagwi ovyo. Yakishamwogesha mtoto huosha miguu ya mtu mzima, kisha hupelekwa kwenye mpapai. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini, nilipomwona mzee mmoja akimwaga ndoo nzima ya maji safi kwenye sinki, akajaza nyingine na kuimwaga pia, kwa kusuuza kopo moja tu, nilidhani ana ugonjwa.

Mzee huyo aliitwa Njeru. Alikuwa mtu wa Runyenjes, fundi mkuu wa maabara ya wanyama katika chuo kimoja hapa Embu, na ndiye aliyenifundisha kazi niliyoifanya hadi mwaka huu nilipostaafu. Vijana niliowaacha pale wameniomba niwaandikie kumbukumbu zangu. Wanataka nianze na vyeo. Vyeo vimo kwenye faili langu, na faili liko kwa karani. Mimi nitaandika habari za maji.

Asubuhi ile Mzee Njeru alinipa kopo la kioo, akasema, "Osha." Nikaliosha kwa povu jingi ili aone nimelelewa vizuri. Akalimwagia maji ndani, akaliinua kuelekea dirishani.

"Unaona maji imekatika hapa? Hapa iko na mafuta. Gilasi ikiwa safi, maji inalala kama shuka."

Nikaosha tena. Saa sita nilikuwa bado naosha kopo lile lile. Hakunisifu. Alilichukua tu, akaliweka kabatini pamoja na mengine, nami nikajua limekubaliwa. Akaniambia pia kwamba sabuni ni ya vyombo vya wanafunzi. Chombo cha kuwekea kitu chenye uhai huoshwa kwa maji moto na brashi, basi, kwa sababu sabuni haiishi kwenye kioo hata ukiapa.

Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa kuwa wino hukimbia ukiguswa na maji. Alinifundisha kuandika saa kabla ya kuandika nilichokiona, maana macho husubiri lakini saa haisubiri. Alinifundisha kuangalia kwenye hadubini bila kufumba jicho la pili. Alipostaafu aliniachia brashi yake ya kuoshea, iliyobaki nywele chache, na meza yake ya dirishani. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi yangu ilikuwa vyura, panzi, minyoo ya tumbo la mbuzi, na wanafunzi waliozimia wakiona panya amepasuliwa. Wavulana ndio waliozimia zaidi. Sijui kwa nini.

Kisha akaja Daktari Rehema.

Alikuwa mtu wa pwani, amezaliwa karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini, na alizungumza Kiswahili kilichotufanya sisi wengine tunyamaze kwenye mikutano. Siku ya pili tu baada ya kuripoti aliniuliza kama ninaweza kutengeneza maji ya bahari. Nilimwambia sijawahi kuiona bahari. Akasema hilo si kikwazo, mpishi wa harusi si lazima awe ameoa.

Shida yake ilikuwa hii. Mvua kubwa ikinyesha huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mito yetu, Ena na Thuci na mingine, hushuka na kuingia Tana, na Tana huyafikisha maji yale baharini. Alipokuwa mtoto aliona bahari ya kwao ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kila msimu wa mvua, na baada ya hapo wazee wa kwao walilalamika kwamba kaa na kamba wamepungua. Alitaka kujua ni nini kinachowapata wanyama wa bahari wakiwa wachanga kabisa, maji ya chumvi yanapochanganyika ghafla na maji yetu matamu. Mnyama aliyemchagua alikuwa koa wa baharini, yaani konokono asiye na nyumba, kwa kuwa hutaga mayai mengi na mtoto wake huonekana vizuri kwenye hadubini.

Makoa wa kwanza walikuja kwa basi, ndani ya sanduku la barafu. Nilikwenda kuwachukua kwenye ofisi ya vifurushi. Yule kijana wa pale alinionya kwamba samaki wangu wameoza, sanduku linavuja. Nikalifungua mbele yake. Walikuwa wadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kijani kama jani la sukuma wiki, wamejikunja. Akaniuliza kama ni dawa ya kienyeji. Nikamwambia ni utafiti. Akasema utafiti anaoujua yeye huja na mafaili.

Wiki hiyo walitaga. Mayai yao hutoka yakiwa kwenye utepe wa ute, umezungushwa kama ua, na ndani ya utepe kila yai ni nukta. Baada ya siku chache nukta huanza kuzunguka. Nikikumbuka mara ya kwanza kuona zikizunguka, mamia pamoja, kila moja ndani ya chumba chake, nasikia nywele zikinisimama hata leo. Zikipasuka hutoka viluwiluwi, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Koa mzima hana gamba, lakini kiluwiluwi wake anazaliwa nalo. Ana kigamba cheupe kinachoonyesha mpaka ndani, na mbele ana mabawa mawili ya mviringo yenye vinywele vinavyopiga maji bila kukoma. Hivyo vinywele ndivyo vinavyomwogelesha na kumlisha. Vikisimama, anazama. Akizama, amekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya maji. Tulikuwa na chumvi maalumu ya unga, na kifaa cha kupimia chumvi, kijibomba cha kuchungulia. Unaweka tone moja kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma mstari umefika wapi. Kwenye rafu tulipanga mabakuli matano. La kwanza kushoto lilikuwa na maji kamili ya bahari. La pili lilikuwa limetiwa maji kidogo ya mto Ena, niliyoyachota mwenyewe kwa mtungi na kuyachuja, la tatu zaidi, la nne zaidi, mpaka la tano upande wa kulia ambalo lilikuwa na chumvi kidogo tu. Rafu zilikuwa nne, zote kwa mpango huo. Jumatatu na Alhamisi asubuhi nilibadilisha maji, nikianzia kushoto kwenda kulia, mabakuli ya kwanza ya rafu zote, kisha ya pili, hadi ya tano.

Mwaka wa kwanza tulijifunza mengi. Tukipunguza chumvi ghafla, viluwiluwi walijifungia ndani ya magamba yao na kuanguka chini kama mchanga. Tukiipunguza polepole, kwa siku mbili tatu, wengi walifungua tena na kuogelea. Maji yakiwa ya uvuguvugu mayai yalikua haraka, yakiwa baridi yalichelewa. Na mayai ya katikati ya utepe, ambako hewa haifiki vizuri, yalibaki nyuma ya yale ya pembeni, kama watoto waliokaa nyuma ya darasa. Yote hayo Daktari aliyategemea. Alisema kinachobaki ni kurudia kwa uangalifu, halafu aandike.

Wakati huo ndipo tulipopewa Karimi. Alitoka Kianjai, kule Tigania, amemaliza chuo karibuni, na alikuwa wa mkataba. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza. Yeye alilisha viluwiluwi, aliwahesabu Jumanne na Jumatano, na Ijumaa aliosha mabakuli. Nilimfundisha kuosha jinsi nilivyofundishwa, na alijifunza upesi kuliko mimi.

Tukaingia msimu wa baridi, ule wa Julai, ambapo ukungu wa Embu hauondoki mpaka saa tano na hata kuku hawatoki nje. Na viluwiluwi wakaanza kufa.

Wiki ya kwanza hatukushtuka sana. Vitu vichanga hufa. Wiki ya pili tuliangalia hita za maji tukaona ziko sawa. Wiki ya tatu Daktari alikaa na daftari la Karimi kwa muda mrefu, kisha akaniita. Mabakuli ya maji kamili ya bahari, ambayo ndiyo yangepaswa kuwa salama kuliko yote, yalikuwa ndiyo yaliyokufa. Yale ya kulia, yenye chumvi kidogo, ambayo mwaka uliopita yalitusumbua, yalikuwa yakiishi vizuri kwa kadiri yake.

"Kwa hiyo mvua ya Embu inawafaa watoto wa bahari kuliko bahari yenyewe," alisema. "Nikiandika hivyo hata mamangu hataniamini."

Tukapima chumvi ya kila bakuli. Ilikuwa kama lebo zilivyosema. Tukabadilisha chakula. Tukaagiza utepe mpya wa mayai. Vifo vikaendelea, kila wiki Jumanne na Jumatano, katika siku za Karimi. Watu waliokuwa wakifadhili kazi ile walikuwa wamesema watakuja kuikagua mwishoni mwa Agosti, na mkuu wa idara, Profesa ambaye jina lake sitalitaja, alianza kuingia maabara mara tatu kwa siku na kusimama nyuma yetu.

Siku moja alifungua droo ya Karimi, akakuta kipande cha sabuni ya kufulia.

Karimi alieleza kwamba ni ya kufulia koti lake, kwa kuwa pale alipopanga maji hayakuwa ya kutegemewa. Profesa akauliza ni nani anayeosha mabakuli. Karimi akajibu ni yeye. Profesa akasema hahitaji kuuliza swali la tatu. Alimpa hadi Ijumaa ajieleze kwa maandishi, na sote tulijua maelezo hayo ni ya kuwekwa kwenye faili tu. Nami, ninyi vijana mjue hili, niliamini ni yeye. Nilimhurumia, lakini niliamini. Nilikumbuka kopo langu la kwanza na jinsi sabuni ilivyokataa kutoka, nikasema moyoni kwamba kitoto hiki kimeharakisha.

Jumatano alasiri Karimi alinijia na daftari. Macho yalikuwa yamevimba, ila sauti ilikuwa imetulia.

"Mama, hebu angalia hapa. Bakuli la kwanza wamekufa wote. La pili karibu wote. La tatu nusu. La nne wachache. La tano wako sawa. Rafu zote nne ni hivyo, na wiki zote ni hivyo. Mimi naosha mabakuli yote kwa beseni moja, halafu nayapanga vile yanakuja. Sabuni inajua aje kupiga foleni?"

Nilimwambia ayaandike hayo kwenye maelezo yake. Akaenda kuyaandika chumba cha pili. Nikabaki na daftari.

Sabuni haijui kupiga foleni. Nilitazama rafu, kushoto kwenda kulia, nikajiuliza ni kitu gani pale huenda kwa mpango, kushoto kwenda kulia, kikiwa kikali mwanzoni na kikipungua nguvu kadiri kinavyosonga. Nilijiuliza kama mtu anayetafuta mwizi wa jirani. Baridi ilikuwa imenishika, kwa hiyo nikanyoosha mkono nyuma ya mlango nikachukua sweta yangu ya kahawia, ile ya nyumbani, niliyokuwa nimeiacha hapo tangu Jumatatu kwa sababu mkono wake ulilowa. Mkono wake ulilowa kila Jumatatu. Koti langu jeupe lilikuwa na mikono mifupi, na nilipoinua bakuli pindo la sweta lilichovya majini, nami nilikuwa nikilikamua na kuendelea na kazi.

Nilipoipitisha kichwani niliisikia harufu.

Kila mwisho wa wiki nilikwenda Siakago. Kila Jumapili baada ya kanisa niliwapiga mbuzi wangu dawa ya kupe kwa pampu ya mkono, nikiwa nimevaa sweta ile, na Jumatatu asubuhi nilikuja nayo moja kwa moja kazini. Siku nyingine za wiki nilivaa nyingine, iliyokuwa Embu. Miezi ya joto sikuvaa yoyote. Mikono nilinawa. Sweta sikuwaza.

Niliketi. Kisha nikafanya nilichofundishwa. Nilichukua visahani viwili vya kioo, nikatia maji kamili ya bahari kwenye vyote viwili, nikaweka viluwiluwi wazima kutoka utepe ambao haukuwa umeguswa. Kwenye kimoja nikaweka uzi kutoka pindo la sweta. Kwenye kingine nikaweka uzi wa pamba safi. Nikaandika saa. Nikainamia hadubini.

Wa uzi wa pamba waliogelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wa uzi wa sweta waliogelea pia mwanzoni, nami nikaanza kupumua. Halafu vinywele vya mabawa vikapoteza mpango. Vilipiga upande huu bila upande ule. Kiluwiluwi mmoja akazunguka pale pale, akajaribu kujifunga kwenye gamba lake akashindwa, akazama huku bawa moja likiwa nje. Wa pili akafuata. Nilipoinua kichwa, chai yangu ilikuwa bado ina moshi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Profesa.

"Igoki, umepata chochote?"

Kisahani kilikuwa chini ya lenzi. Sweta ilikuwa mwilini mwangu.

"Bado, Profesa," nikasema.

Akaondoka. Nikavimwaga visahani vyote viwili, nikaiviringisha sweta kwenye gazeti, nikaitia mkobani. Sikuandika kitu kwenye daftari isipokuwa ile saa, ambayo ilikuwa imeshaandikwa. Ipo mpaka leo, saa peke yake, mbele yake hamna neno.

Nataka mwelewe nilichokuwa nikikiona mbele yangu, kwa maana hakikuwa tu woga wa aibu. Niliona kwamba sihitaji kusema uongo mwingine wowote. Nikiiacha sweta nyumbani, vifo vingekoma. Karimi angekuwa ameondoka. Kila mtu angeona kwamba aliondoka na vifo vikaondoka naye, na daftari lenyewe lingekuwa shahidi. Kazi ya Daktari ingepona. Mimi ningebaki na meza ya dirishani. Ingetosha ninyamaze tu.

Profesa hakusubiri Ijumaa. Alhamisi asubuhi nilipofika, Karimi alikuwa ameshapewa barua. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye kasha la karatasi: kikombe, kamusi, ndala. Alikabidhi koti lake kwa karani. Alinisalimia vizuri. Aliniomba nisisahau kwamba rafu ya chini ilikuwa haijalishwa, na kwamba pampu ya hewa ya upande wa mlango ilikuwa inakohoa. Nilimjibu nitaangalia. Akatoka na kasha lake, nikamtazama akivuka uwanja mpaka kwenye lango, na sikumwita.

Nikabadilisha maji. Kushoto kwenda kulia. Daktari Rehema aliingia, akasimama kando yangu, akawatazama viluwiluwi kwa muda.

"Sasa tutaona kama watapona," alisema. Hakusema kwa furaha. Alimpenda Karimi. "Wakipona, Igoki, angalau tutakuwa tumejua ni nini."

Nadhani ningeweza kuvumilia mengine yote. Hilo neno, tutakuwa tumejua, ndilo lililonishinda. Niliweka bakuli chini, nikamwambia, "Daktari, hawatakuwa wamepona. Watakuwa wameniepuka mimi." Nikamweleza yote: mbuzi, sweta, visahani, na Profesa aliposimama mlangoni.

Aliigonga pampu iliyokuwa ikikohoa.

"Umelijaribu mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Moja si kitu. Lete hiyo sweta. Tutalijaribu mara tatu, nami nitazame. Halafu tutakwenda kwa Profesa, nawe utasema kwa kinywa chako."

Tulirudia mara tatu. Mara zote tatu walizama. Mara ya mwisho tulichukua uzi mmoja, tukauchovya kwenye visahani vitano, kimoja baada ya kingine, na wakafa kwa foleni, mwanzo wote, mwisho wachache, kama alivyosema Karimi. Daktari aliyaandika mwenyewe.

Profesa alitusikiliza bila kukaa. Kisha akatushangaza. Alisema barua imeshatoka, na barua za chuo hazirudi kama mpira. Alisema msichana ni kijana, atapata kazi kwingine. Wakaguzi wanakuja wiki zijazo, na idara haiwezi kuwaambia kwamba bahari yetu iliharibiwa na dawa ya mbuzi. Tuseme ni vyombo kutosafishwa, vifo vimekoma, tuendelee. Alinitazama mimi, si Daktari. Nilielewa kwamba ananipa njia, kwa mara ya pili katika siku mbili.

"Hapana, Profesa," nikamwambia. "Daftari lina jina la Karimi kwenye kila siku waliyokufa. Liandikwe langu."

Alisema ninajua matokeo yake. Nilisema ninayajua. Sikuyajua, lakini ilikuwa lazima niseme kitu. Daktari Rehema akaongeza kwa sauti ya chini kabisa kwamba kama barua haiwezi kurudi, basi wakaguzi wataipata hadithi nzima kutoka kwake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Profesa akaketi.

Nilipewa barua ya onyo. Karimi aliandikiwa barua nyingine ya kufuta ya kwanza. Karani alitaka kuituma kwa posta. Daktari akasema itapelekwa kwa mkono, na mkono ni wangu.

Jumamosi tulifika Kianjai, mimi na yeye. Tulimkuta Karimi sokoni, kwenye kibanda cha mama yake cha nafaka, akichambua maharagwe kwenye sinia. Mama yake alitukaribisha kwa Kimeru, akatutafutia viti. Nilimpa Karimi barua. Aliisoma mara mbili. Kisha nikamweleza, mbele ya mama yake na mbele ya wanunuzi waliokuwa wamesimama na mifuko yao, kwa sababu aliondolewa mbele ya watu.

Hakuniuliza habari za sweta. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Ulipokwenda kuandika."

"Na mimi nilitoka Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na ukaniona nikitoka."

"Ndiyo."

Aliinamia sinia. Alichambua kwa muda mrefu, akitupa vijiwe chini kimoja kimoja. Daktari alianza kusema kitu nikamgusa mkono aache. Halafu Karimi akachukua sinia ya pili, akaijaza maharagwe, akaniwekea magotini. Nikachambua. Mama yake aliuza kilo mbili tatu huku sisi tukichambua.

"Jumatatu nitakuja," Karimi alisema mwishowe. "Lakini maji nitabadilisha mimi."

Alikuja. Maji alibadilisha yeye. Tulimwaga mabakuli yote, tukaanza upya na utepe mpya wa mayai, na wakaguzi walipofika tuliwaonyesha mabakuli yenye viluwiluwi wa siku nne na daftari lililokuwa na kurasa nyingi zilizopigwa mstari. Mmoja wao, mwanamke mzee mwenye miwani, aliusoma ukurasa wa sweta taratibu, akasema ndio pekee katika daftari lote ambao anauamini kabisa. Mkaguzi mwenzake hakukubaliana naye. Walituongezea muda, si mwingi.

Mwaka uliofuata, kwenye bakuli la tatu, kiluwiluwi mmoja alitua kwenye jani la mwani, akatambaa kutoka kwenye gamba lake na kuliacha pale. Alikuwa koa, mkubwa kama nukta ya penseli. Alikuwa amekulia kwenye chumvi iliyochanganywa na maji ya Ena. Karimi ndiye aliyemwona. Aliniita nikatazama, na tulipokezana hadubini mpaka Daktari alipokuja akatunyang'anya. Kazi ilipochapishwa ilikuwa na majina matatu. Chini kabisa palikuwa na mstari unaosema kwamba matokeo ya msimu mmoja yaliachwa kwa kuwa maji yalichafuliwa na fundi. Niliomba waandike jina la fundi. Walisema si utaratibu.

Karimi sasa ndiye fundi mkuu. Kila wanapokuja wanafunzi wapya wa mafunzo ya kazi huwapa kisa hiki siku ya kwanza, kabla hawajagusa kitu, na husema tu fundi mmoja. Nimekisikia mara nyingi nikiwa meza ya dirishani, nimewapa mgongo. Mwezi wangu wa mwisho, msichana mmoja miongoni mwao aliuliza kama huyo fundi alifutwa kazi. Karimi akanielekezea kidole.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Ndiye yule."

Wote waligeuka. Nikasimama, nikawaambia kwamba sikufutwa. Nikawaambia nilijua Jumatano nikasema Alhamisi, na kwamba katikati ya hapo mtu alipoteza kazi yake. Yule msichana hakuridhika. Aliuliza kwa adabu ni kitu gani hasa nilichofanya kuanzia Jumatano jioni mpaka Alhamisi asubuhi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, si Profesa, si Daktari, wala Karimi. Nilimtazama Karimi. Alikuwa anasubiri pia.

"Nililala," nikasema. "Na nililala vizuri."